Kwa Nini Majina ya Wakulima Huingizwa kwa Mafungu

Tangu Serikali ilipoanza tena kutoa ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, mkulima anayetaka kunufaika nayo hana budi kusajiliwa kwanza kijijini kwake. Taarifa zake huingizwa katika mfumo wa kompyuta, naye hupewa namba ya kutumia anaponunua mbolea kwa wakala. Mkoani Tabora mvua huanza kwa kawaida mwezi Novemba. Mkulima ambaye jina lake halijaingia kwenye kanzidata wakati huo hana namba ya kumwonyesha wakala, na mahindi hayasubiri. Kwa hiyo namna majina yanavyohifadhiwa si jambo la mafundi wa kompyuta peke yao.

Zipo njia mbili za kuhifadhi majina mengi. Ya kwanza ni kupeleka jina moja, kusubiri seva ijibu kuwa limepokelewa, kisha kupeleka la pili. Njia hii ni rahisi kuitengeneza, lakini ni ya polepole. Kinachochelewesha si uzito wa jina, bali ni safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kazi ya seva ya kuthibitisha kila ingizo peke yake.

Wazee wetu waliielewa hesabu hii zamani. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, hakuna mfanyabiashara aliyemtuma mpagazi mmoja na pembe moja ya ndovu, akamsubiri arudi ndipo amtume wa pili. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kwa msafara, shehena nyingi kwa safari moja.

Njia ya pili hufuata mwendo huo: majina hukusanywa katika mafungu, na kila fungu hupelekwa kwa ombi moja. Tuchukue mfano wa majina 3,000. Ikiwa kila safari huchukua sehemu 2 za kumi za sekunde, kuyapeleka moja moja kutachukua sekunde 600, yaani dakika 10. Yakigawanywa katika mafungu ya majina 500, safari ni 6 tu. Hata kila fungu likichukua sekunde 2, kazi yote itakwisha kwa sekunde 12.

Hata hivyo, fungu lisiwe kubwa kupita kiasi. Majina yote yakipelekwa kwa mkupuo mmoja, kumbukumbu ya seva huweza kulemewa, watumiaji wengine wakakwama, na mtandao ukikatika kazi yote hurudiwa. Ukubwa unaofaa hupatikana kwa kujaribu na kupima.

Swali lililo zito zaidi ni hili: jina moja likiwa na kosa, majina mengine yafanyweje? Mfumo uliotengenezwa vizuri hukagua fungu kabla ya kulihifadhi. Mistari yenye kasoro, kama vile namba ya simu iliyopungua tarakimu, hutengwa na kurudishwa kwa Mtendaji wa Kijiji ikiwa na maelezo ya kosa. Mistari iliyo sahihi huhifadhiwa kwa muamala mmoja: ama yote iingie, ama usiingie hata mmoja. Hivyo hakuna kijiji kitakachoachwa na orodha nusu bila mtu kujua ilikatikia wapi.

Mtandao nao huweza kukatika baada ya fungu kupokelewa lakini kabla ya jibu kufika. Mtumaji asiyejua hulipeleka tena. Ili mkulima asiandikwe mara mbili, kila mmoja huwa na namba ya utambulisho isiyorudiwa. Namba hiyo ikiwa imo tayari, mfumo husahihisha taarifa zilizopo badala ya kuongeza mkulima mwingine.

Pamoja na hayo yote, kanzidata haiwezi kujua kuwa jina limekosewa ikiwa limeandikwa hivyo daftarini. Ndugu mkulima, fika ofisi ya kijiji mapema ukiwa na kitambulisho chako, usomewe jina na namba yako ya simu kabla orodha haijapelekwa. Kosa linalorekebishwa kijijini huchukua dakika chache. Likigunduliwa dukani kwa wakala, mvua zikiwa zimeshaanza, huweza kukugharimu msimu mzima.