Picha ya mwanafalsafa sebuleni: pambo au ukumbusho?

KAVUMU – Mtu akinunua mchoro wa kutundika sebuleni, mara nyingi hutazama rangi na ukubwa wa ukuta. Historia ya michoro yenyewe inaonyesha kwamba wengine walitafuta zaidi ya hayo.

Mwaka 1653, mchoraji wa Uholanzi, Rembrandt, alimchora Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akiwa amevaa mkufu wa dhahabu na kuweka mkono juu ya sanamu ya mshairi Homer. Leo mchoro huo uko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lililoununua mwaka 1961 kwa dola milioni 2.3. Lakini ulichorwa kwa ajili ya nyumba ya mtu: tajiri Antonio Ruffo wa Messina, Italia, ndiye aliyeagiza. Hata orodha ya mali zake haikuwa na hakika aliyechorwa ni nani; iliandika kwamba huenda ni Aristotle au Albertus Magnus.

Kongo nayo ina desturi yake. Miaka ya 1970, wafanyakazi wa Lubumbashi walinunua michoro ya bei nafuu na kuitundika sebuleni: mamba muntu, yule nguva wa majini, mateso ya enzi za Wabelgiji, na Patrice Lumumba. Michoro ya aina hiyo iliitwa kwa Kiswahili ukumbusho. Mgeni akiuliza, mwenyeji anasimulia.

Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wa wachoraji hao, alitumia turubai za magunia ya unga. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia ya nchi katika michoro zaidi ya 100. Michoro hiyo sasa imehifadhiwa Uholanzi, mbali na kuta za Lubumbashi.

Kwa Kavumu, yapata kilomita 30 kaskazini mwa Bukavu, jambo hili ni zito. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa hapa, kisha wakaingia Bukavu. Anayekimbia vita hubeba watoto, sufuria na blanketi. Mchoro hubaki ukutani. Kisa chake, iwe ni cha Aristotle au cha Lumumba, huondoka na familia ikiwa tu watoto walishasimuliwa.