SPEEDI: programu iliyoujua upepo

Je, wajua kwamba ajali ya nyuklia ya Fukushima ilipotokea Machi 2011, Japani tayari ilikuwa na programu ya kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya balaa la namna hiyo?

Inaitwa SPEEDI. Wajapani walianza kuiunda baada ya ajali ya Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979. Kazi yake ni kukadiria hewa yenye chembe za mionzi itaelekea wapi, itaziangusha wapi, na wakazi wa huko watapata dozi kiasi gani. Ili ifanye hesabu hiyo, inahitaji kujua upepo na mvua, sura ya ardhi (milima na mabonde huupinda upepo), na kiasi cha mionzi kinachovuja kutoka kinu cha nyuklia.

Hicho cha mwisho ndicho kilichokosekana. Umeme ulikatika, takwimu za kinu zikaacha kufika. Wataalamu wakaiambia programu ichukulie kwamba inavuja bekereli 1 kwa saa. Bekereli 1 ni kuvunjika kwa atomu moja tu kila sekunde. Haimdhuru hata sisimizi. Lakini katika upepo uleule, wingu la bekereli 1 na la bekereli trilioni hupita njia ileile. Kwa hiyo ramani zilizotoka kila saa hazikusema hatari ni kubwa kiasi gani, ila zilionyesha iko upande gani.

Hazikutangazwa. Wakubwa waliona kwamba makadirio yasiyo na kiasi halisi hayafai kutolewa. Amri za kuhama zikafuata duara kukizunguka kinu: kilomita 3, kisha 10, kisha 20. Watu wengi wa mji wa Namie wakakimbilia Tsushima, milimani kaskazini-magharibi, nje ya duara. Tarehe 15 upepo ukageukia hukohuko, mvua na theluji zikaishusha mionzi ardhini. Ramani ya kwanza ya SPEEDI ilitolewa hadharani tarehe 23.

Mimi siilaumu programu. Hata hivyo, mwaka 2014 mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Japani iliamua kutoitegemea tena katika kuamua nani ahame, kwa hoja kwamba utabiri ukikosea unaweza kuwapeleka watu kwenye mionzi yenyewe. Sasa walio ndani ya kilomita 5 huondolewa mapema. Walio mbali zaidi, hadi kilomita 30, hujifungia ndani kwanza, kisha vipimo halisi ndivyo vinavyoamua. Baadhi ya mikoa haikuridhika, na naielewa: kipimo huonyesha mionzi ikishafika.