Thamani ya Reli Isiishie kwa Mwenye Kiwanja

Anayetafuta nyumba Ilazo, Kisasa, Njedengwa au Iyumbu huanza kwa kuuliza kodi ya mwezi, na jibu humshtua. Tumezoea kusema kwamba Dodoma imepanda bei kwa sababu watu wamekuwa wengi. Ni kweli, lakini wingi huo una chanzo. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, kisha uhamisho ukasuasua kwa zaidi ya miaka 40. Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia, mambo yakashika kasi: wizara zikajengewa ofisi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua treni ya reli ya kisasa (SGR) kutoka Dar es Salaam, na safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi ikawa ya takriban saa nne. Ofisi hizo, barabara na reli hiyo vimejengwa kwa fedha za umma. Ughali wa mitaa ya mashariki mwa jiji ni thamani iliyoundwa na umma, na hoja yangu ni kwamba sehemu ya thamani hiyo inapaswa kuurudia umma.

Tuanze na hesabu ya mpangaji. Tuchukue, kwa mfano, nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita na dalali akachukua ya mwezi mmoja, mpangaji anatoa 2,100,000 kabla hajaingiza godoro. Nje kuna simtanki juu ya mnara, na si pambo: jiji linategemea sana visima vya bonde la Makutupora, katika nyanda kame zenye msimu mmoja wa mvua. Bomba likikauka siku mbili tatu, huagizwa boza, na maji ya boza hayana bei ya bomba. Kama familia imebaki Dar es Salaam, kuna majiko mawili ya kuwashwa. Nauli ya daraja la kawaida la SGR ilianza kwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi kila mwisho wa wiki, mara nne kwa mwezi, ni 248,000, karibu nusu ya kima cha chini cha mshahara wa serikali, ambacho tangu Julai 2025 ni 500,000. Treni imefupisha safari, lakini haijaondoa gharama ya kuishi miji miwili.

Sasa tumtazame mwenye kiwanja. Nyumba iliyo karibu na ofisi au stesheni humwokolea mpangaji nauli na muda, na soko hugeuza akiba hiyo kuwa kodi ya juu zaidi. Faida ya reli huanzia kwa abiria na kuishia kwa mwenye ardhi. Je, anachangia nini? Ukiacha kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ilipangwa mwaka 2023 kuwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kiwango ni kilekile, nyumba iwe Iyumbu au pembezoni ambako lami haijafika. Tena, ingawa kodi hiyo ni ya mwenye jengo, anayenunua umeme ni mpangaji. Aliyelipia ukaribu wa reli kwa kodi ya nyumba anakatwa tena kwenye umeme.

Wapo watakaosema kodi anayotozwa mwenye nyumba ikipanda, atamtwisha mpangaji. Hofu hiyo ni halali kwa kodi inayotozwa jengo, kwa kuwa humkatisha tamaa anayetaka kujenga. Kodi inayofuata thamani ya ardhi ni tofauti: mwenye nyumba tayari anatoza kiasi ambacho soko linabeba, na ardhi haipungui kwa kutozwa. Wengine husema tusubiri, bei zikipanda wajenzi wataongezeka na kodi za nyumba zitashuka. Lakini viwanja vilivyozungushiwa ukuta na kuota miiba vinaonyesha kwamba kwa wengi kungoja kunalipa kuliko kujenga. Kodi ya thamani ya ardhi ingebadili hesabu hiyo. Na kwa wanaosema watumishi wa serikali wanamudu, tuwakumbuke mlinzi, dada wa kazi na mama ntilie, ambao mitaa hiyo haiendi bila wao na ambao hulala mbali kwa sababu ya kodi.

Hong Kong walishatuonyesha njia: shirika la reli, MTR, hupewa haki ya kuendeleza ardhi inayozunguka stesheni, na faida husaidia kujenga reli zaidi. Dodoma haihitaji kunakili kila kitu. Inahitaji kuthaminisha ardhi inayonufaika na reli na Mji wa Serikali, kutoza kwa thamani hiyo, na kuelekeza mapato kwenye maji ya bomba na daladala za uhakika kuelekea Nala, Mkonze na Nzuguni. Hapo mlinzi anayelala mbali atafika kazini kwa nauli anayoimudu, na reli itakuwa imemfikia hata asiyewahi kupanda treni.