Mji mmoja, safu mbili

Meneja wa usafirishaji hana muda wa kubofya hapa na pale. Anachotaka ni orodha kunjuzi moja juu ya ripoti: achague Mwanza, aone kila lori lililotoka Mwanza na kila lililokwenda Mwanza. Ni ombi dogo, lakini limewaumiza vichwa watengenezaji wengi wa ripoti za Power BI.

Kiini cha tatizo kiko kwenye jedwali lenyewe, kwa sababu mji umeandikwa katika safu mbili, Kutoka na Kwenda. Tuseme zipo safari tatu. Ya kwanza imebeba tani 28 kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ya pili tani 30 kutoka Mwanza kwenda Mbeya, ya tatu tani 25 kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Mtengenezaji akiweka vichujio viwili, kimoja kwa kila safu, na meneja akachagua Mwanza kote kuwili, ripoti inabaki tupu. Programu haijakosea. Vichujio viwili huunganishwa kwa "na", kwa hiyo inatafutwa safari iliyoanzia Mwanza na kuishia Mwanza hiyo hiyo. Meneja alikusudia "au".

Wengi hukimbilia Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandaa data, na amri yake ya Unpivot Columns, inayozigeuza safu mbili kuwa moja. Kila safari sasa ina mistari miwili, mmoja wa mji ilikotoka, mwingine wa mji ilikokwenda. Mwanza ikichaguliwa, jumla ni tani 58, sawasawa kabisa. Chaguo likiondolewa, jumla inaruka hadi tani 166, ilhali mzigo wote ni tani 83.

Hapo ndipo ripoti nyingi huharibika, tena kimyakimya, maana hakuna ujumbe wowote wa hitilafu unaotokea.

Dawa ni kuliacha jedwali la safari kama lilivyo. Linatengenezwa jingine dogo la pembeni lenye namba ya safari na mji tu, na hilo ndilo linalogeuzwa. Majedwali hayo yanaunganishwa kwa namba ya safari, na uchujaji unaruhusiwa kupita pande zote mbili. Orodha kunjuzi inachukua miji kutoka jedwali dogo; tani zinajumlishwa kutoka jedwali kubwa, ambamo kila safari ina mstari mmoja tu.

Wapo wanaopendelea fomula ya DAX, lugha ya fomula ya Power BI, wakitumia jedwali la miji lisilounganishwa na chochote na alama || inayosimama badala ya "au". Inafanya kazi, ila sharti hilo la "au" hulazimika kurudiwa katika kila kipimo: tani, mapato, mafuta. Kwa ripoti yenye vipimo vingi, jedwali la pembeni lina usumbufu mdogo zaidi.

Kwa njia yoyote ile, kabla ya kuituma ripoti, mtengenezaji aondoe machaguo yote na kulinganisha jumla na daftari la mizigo.