Kabla ya Fundi Kuvuta Kamba: Mapenzi, Mjengo na Kibali

Hebu tuulizane ukweli, msomaji wangu. Ni wapenzi wangapi unaowajua wanaoweza kukutajia rangi ya vigae vya sebuleni, aina ya sinki la jikoni na hata ukuta itakapokaa TV, lakini ukiwauliza kibali cha ujenzi kiko wapi wanaanza kutazamana? Wengi tu! Na hao ndio unaowakuta baadaye wamenuniana, kila mmoja anamsukumia mwenzake kesi.

Kitchen party inapita, send-off inapita, harusi na fungate navyo vinapita. Mjengo ndio unaowaonyesha kama mnaweza kuongea pesa, ndugu na mipaka bila kupandishiana sauti. Na kabla mjengo haujawapima, manispaa inawapima kwanza.

MHURI WA MTAA SI KIBALI
Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Unanunua kiwanja, mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mhuri unagongwa, mnapiga na picha. Kesho yake tripu ya mchanga imeshamwagwa. Jamani, mhuri ule unathibitisha kwamba mmeuziana. Hauwapi ruhusa ya kujenga.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba huwezi kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Kwa mkazi wa Dar, mamlaka hiyo ni halmashauri yake: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Unapeleka michoro ya nyumba, uthibitisho wa umiliki na risiti ya kodi ya pango la ardhi, na unalipa ada. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa serikali unaoitwa TAUSI, kwa hiyo ile hadithi ya "nina jamaa yangu pale ofisini atanisaidia" ianze kukutia wasiwasi.

WANAANGALIA NINI HASA?
Usidhani wanakaa pale kukosoa ladha yako ya paa. Afisa mipango miji anaangalia kiwanja kimepangiwa matumizi gani, nyumba inakula sehemu kubwa kiasi gani ya eneo, na umeacha nafasi gani kati ya ukuta wako na mpaka wa jirani. Afisa afya anataka kujua shimo la maji taka litakaa wapi, madirisha yanapitisha hewa kiasi gani, na kama umepanga kuchimba kisima, kiko mbali kiasi gani na shimo hilo. Mhandisi anaangalia kama kinachochorwa kitasimama.

Sasa ngoja uone mapenzi yanavyoingia humu. Tuchukue mfano: baba anataka frem mbili za maduka mbele ya nyumba ili ziingize chochote. Mama hataki kusikia, anasema hakuolewa aje kulala nyuma ya duka la vocha. Wamebishana miezi mitatu. Kumbe kwenye hati kiwanja kimeandikwa "makazi" tu! Ukitaka frem lazima kwanza uombe kubadilisha matumizi ya ardhi, na huo ni mchakato wa peke yake. Ugomvi wa miezi mitatu ungeisha kwa kusoma karatasi moja pamoja.

Vivyo hivyo kwa chumba cha mama mkwe, banda la uani la kupangisha na ghorofa ya "tutaongezea baadaye". Viwekwe kwenye mchoro sasa hivi, mvijadili sasa hivi. Mchoro ukirudishwa una marekebisho, msiuone kama balaa. Kufuta chumba kwenye karatasi ni rahisi kuliko kukivunja kikiwa na nondo ndani.

ALAMA YA X
Kuna rangi moja ambayo hakuna mtu anayeichagua kwa ajili ya ukuta wake: ile X nyekundu. Mwaka 2017 familia nyingi za Kimara hadi Kibaha ziliiona. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro eneo lile ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na nyumba zilizokuwamo zikashushwa ili barabara ipanuliwe. Waliozijenga wengi wao walikuwa watu wazima wenye akili zao, na baadhi walikuwa wameishi pale miaka na miaka.

Kwa barabara kuu na za mikoa kwa kawaida, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati; zamani ilikuwa 22.5. Ukivutiwa na upepo wa bahari au kijito kizuri nyuma ya nyumba, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe na kingo za mto. Na mvua za Desemba 2011 zilipolijaza bonde la Msimbazi, tuliona wenyewe kwa nini. Waathirika wengine walihamishiwa Mabwepande kuanza maisha upya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mambo ya kibali, ukishajenga ukuta mahali pasipo pake, utaubomoa.

JINA LA NANI?
Haya, sasa tufike penyewe. Kibali kinatoka kwa jina la mmiliki wa kiwanja. Ndiyo maana meza ya manispaa ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo kitandani linaonekana la uchoyo: hati ina jina la nani?

Kama mmeoana, sheria ina macho. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo shosti, usikubali kuambiwa "wewe ulikuwa unapika tu". Kupika kumehesabiwa.

Lakini wachumba, hapa ndipo penye moto. Unachangia saruji, unachangia mabati, mshahara wa miaka miwili umeingia kwenye msingi, na jina lako halipo popote. Ni kweli sheria ile ile ina dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, ila dhana inaweza kupingwa. Anayekuja kumtembelea mchumba wake wikiendi asiitegemee kabisa. Tunza risiti zako, andikishaneni, au subiri majina yote mawili yaingie kwenye hati ndipo utoe hela. Anayekupenda hatakuona mchoyo kwa hilo. Akinuna, amekusaidia kumjua mapema.

KABLA YA TRIPU YA KWANZA YA MCHANGA
Tafuteni Jumamosi moja, zimeni simu, mkae na karatasi. Mmeona hati kwa macho yenu na kuihakiki ofisi ya ardhi? Mawe ya mipaka yapo na mpima kayathibitisha? Mchoro umefanywa na mbunifu aliyesajiliwa, au mmeuokota kwa fundi aliyemjengea mtu mwingine? Majirani wanajua mnachojenga? Mmetenga pesa za ada na za mtaalamu, au zote zimeshapangiwa vigae?

Kibali kinachelewa, ni kweli, na kukisubiri huku kodi ya nyumba ya kupanga inakukimbiza kunaumiza roho. Utumieni muda huo kubishana kwenye mchoro mpaka mkubaliane. Fundi akija aanze kuvuta kamba, akute watu wawili wanaosema kitu kimoja.

Kazi kwenu!