Ngazi ya Husuni Kubwa na Mikono Iliyoijenga

Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, ipo ngazi ya mawe iliyoshuka kutoka juu ya jabali mpaka ufukoni. Juu yake yamesimama magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14. Chini yake ni pwani palipokuwa na msikiti, na mbele ni Bahari ya Hindi. Ni mahali pazuri, na mwenye kwenda kutazama tu hatajuta. Lakini sisi twasema kwamba kutazama hakutoshi. Ngazi hii ina somo kwa kila mtu alaye kwa jasho lake, na yafaa somo hilo lisomwe kabla mawe hayajaanguka baharini.

Mgeni huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, safari fupi. Akipenda kuielewa Husuni Kubwa, aitazame kwanza kutoka baharini, kwa maana mlango wake mkubwa ulielekea huko. Ngazi ile haikuwa njia ya uani. Ndiyo iliyokuwa baraza ya mji. Jumba lenyewe lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na upande wa kusini ulikuwapo ua mkubwa wa biashara. Dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu zilipita Kilwa kwenda ng'ambo. Nguo, shanga na vyombo vya Uchina viliingia. Sarafu ya shaba ya Kilwa imeokotwa hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Aliyeamuru jumba lijengwe ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta akitawala, akamsifu kwa ukarimu. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Lakini msafiri huyo huyo aliandika kwamba Sultani alikuwa akienda vitani dhidi ya watu wa bara na kurudi na ngawira. Basi tuyasome yote mawili pamoja, tusichague lile linalopendeza peke yake.

Jina la Sultani limehifadhiwa katika sarafu na vitabu. Majina ya waliojenga hayakuhifadhiwa popote, ila kazi yao ipo. Kuna watu waliokata mawe ya matumbawe. Kuna waliokusanya kuni wakayachoma matumbawe mengine mpaka yakawa chokaa, na kuna waashi waliochonga miimo ya milango kwa mkono usiotetemeka. Ndani ya jumba limo birika la kuogea la pembe nane, juu ya jabali, juu kabisa ya usawa wa bahari. Sultani aliogelea; nani aliyejaza maji? Tena kila mzigo uliotoka chomboni kupitia ngazi ile ulipanda juu ya bega la mtu. Katika zama zile watumwa walikuwako, na hatuna budi kulisema jambo hilo waziwazi.

Wakati wa ukoloni walikuwako waandishi waliodai kwamba miji ya mawe ya pwani yetu ilikuwa kazi ya wageni waliotoka ng'ambo, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Utafiti wa wachimbuzi wa mambo ya kale umeivunja hoja hiyo. Chini ya kuta za mawe wamekuta mabaki ya nyumba za udongo na miti, vyungu na kazi za chuma za wenyeji walioishi hapo kwanza. Mji ulikua kutoka ndani yake wenyewe, ukapokea dini, biashara na ufundi kutoka ng'ambo, ukavifanya vyake.

Husuni Kubwa haikudumu. Ilikaliwa kwa muda mfupi, ikaachwa kabla ya kumalizika. Utawala wa Kilwa uliendelea mpaka Wareno walipouteka mji mwaka 1505. Wafalme wamekwenda, na Wareno wamekwenda. Kilichobaki ni mawe na chokaa, yaani kazi ya mikono.

Hata hayo si salama. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi na mvua vilikuwa vikizila kuta. Kazi ikafanywa ya kutengeneza kuta na kuilinda pwani, na mwaka 2014 zikaondolewa katika orodha hiyo. Lakini bahari haipumziki. Mikoko ikikatwa, wimbi halina kizuizi. Jiwe moja likichukuliwa, la pili hulegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo twawahimiza wafanyakazi na walimu: nendeni Kilwa, na watoto wapelekwe. Isiwe watu wa mataifa ya mbali ndio wanaoijua ngazi ile kuliko sisi. Ukifika, omba kibali, mfuate mwongozaji wa pale, usipande juu ya kuta wala usichukue hata kipande cha kigae. Kisha simama juu ya jabali, tazama chini mpaka pwani, na uwakumbuke wale waliopanda na mizigo. Wao ndio wazee wetu, na ngazi ile ni amana waliyotuachia.