Mwangwi wa kompyuta usimeze pumzi ya msemaji

WAPO wapenzi wa ushairi na fasihi simulizi ambao hawajaachana na kinasa sauti cha kanda. Wengine bado hurekodi. Wengine wana masanduku ya kanda za wazee wao na wanataka kuzinakili kabla hazijaharibika. Siku hizi wengi wao wana kompyuta mezani, na huuliza: je, kompyuta inaweza kuipa kanda ya nyumbani ile sauti nene ya studio?

Inaweza, tena bila gharama. Programu kama Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, hufanya kazi ambazo zamani zilihitaji mitambo ya bei ghali. Shida ni kwamba tunachokiongeza au kukiondoa huenda kikaigusa lugha yenyewe.

Tuanze na istilahi, maana hapa watu huchanganya mambo. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imejitenga na ile ya kwanza. Simama mita 34 kutoka kwenye jabali uite “Juma!” Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo itakwenda na kurudi kwa sehemu ya tano ya sekunde, nawe utamsikia Juma wa pili waziwazi. Mvumo ni kitu kingine. Ukisoma ndani ya ukumbi mtupu, sauti hugonga kuta, sakafu na dari na kurudi mara nyingi, kwa haraka mno hata sikio lisiweze kuzihesabu. Neno hubaki na mkia. Napendekeza tuyatenge maneno haya mawili, ingawa kwa mafundi wetu wa mtaani yote ni “eko” tu.

Zamani mwangwi ulitengenezwa kwa kanda yenyewe. Kichwa kimoja cha mashine kinarekodi, kingine kilicho mbele yake kidogo kinasoma. Kanda ikikimbia sentimita 19 kwa sekunde na vichwa vikiwa sentimita nne mbalimbali, sauti hurudi baada ya sehemu ya tano ya sekunde, kama kwenye lile jabali letu. Sam Phillips wa Memphis, Marekani, alijulikana kwa ujanja wa aina hii miaka ya 1950. Kompyuta haina kichwa wala kanda. Huikata sauti kuwa sampuli, mathalani 44,100 kwa sekunde, huziweka kwenye kumbukumbu, kisha huirudisha kila moja baada ya sampuli 8,820 kupita. Hesabu ni ileile.

Kuunganisha si kazi. Waya hutoka tundu la kutolea sauti la redio kaseti na kuingia tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Tundu la kipaza sauti halifai sana, kwani huikuza sauti kupita kiasi ikakwaruza. Ukitaka, matokeo yatarudi kwa waya mwingine hadi kwenye kanda mpya. Lakini usimpe msomaji mwangwi masikioni wakati anarekodi. Mtu akijisikia kwa kuchelewa kwa sehemu ya tano ya sekunde huanza kubabaika, hata awe malenga.

Sasa tuje kwenye kusafisha. Kila kanda ina ile “shhh” yake. Kompyuta huonyeshwa kipande kisicho na maneno, ikajifunza umbo la kelele hiyo, kisha ikaipunguza kila mahali. Balaa ni kuwa vikwamizi vyetu, /s/, /f/, /sh/, navyo ni kelele kwa umbo lake. Nguvu kubwa ya /s/ iko juu ya hezi 4,000, palepale inapokaa “shhh” ya kanda. Mashine haijui ipi ni ya kanda na ipi ni ya Mswahili.

Hali ni mbaya zaidi kwa Kimvita. Msemaji wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo tu: yule mnyama ana pumzi baada ya /p/, paa la nyumba halina. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Pumzi hiyo ni fupi na hafifu. Kichujio kikali huifuta, na mvumo mwingi huifunika kwa mkia wa silabi iliyotangulia. Mtafiti atakayeisikiliza nakala hiyo miaka 30 ijayo ataandika kwamba mzee huyu hakuwa na mpumuo, na atakuwa ameidhulumu lahaja nzima.

Kwa hiyo rekodi sauti kavu, uinakili ghafi kwa sampuli 48,000 na biti 24, usiiguse. Saa moja ya njia mbili hula takriban gigabaiti moja, si nyingi. Mbwembwe zote zifanyie nakala ya pili. (Kwa maoni yangu, mshairi mzuri hahitaji mvumo, lakini watangazaji hawatanielewa.) Kisha sikiliza jozi moja ya maneno, paa na paa, katika nakala zote mbili. Ikiwa kwenye ghafi yanatofautika na kwenye iliyosafishwa hayatofautiki, punguza makali ya kichujio urudie upya.